Mboga Zisizo na Tundu

Kankindi alikutwa amekufa jikoni kwake, kijijini Kizuka, mboga za lengalenga bado zikiwa vuguvugu chunguni. Majirani walikwisha kuhukumu: uchawi. Inspekta Elda hakuwa na muda wa uchawi. Alichukua mboga, akachukua udongo wa shamba, mwili akaukabidhi kwa daktari.

Majibu yalikuja. Figo za marehemu zilikuwa zimeharibiwa na kadimi, metali nzito iliyojikusanya mwilini pole pole. Kadimi hiyo hiyo ilijaa kwenye mboga na kwenye udongo.

Elda alimfuata mume wa marehemu, Anselmo. Yeye na mkewe waliporudi kutoka kambini Tanzania, waligawana shamba na Modeste, aliyelikalia wakiwa ukimbizini.

"Nani alipima mpaka?"

"Modeste. Niliona haya kubishana."

"Mboga zenu hazina tundu hata moja."

"Mke wangu alijivunia hilo. Sokoni zilitangulia kwisha. Alisema Mungu ametubariki."

Ng'ambo ya mpaka, lengalenga za Modeste zilikuwa chekecheke kwa matundu ya viwavi. Elda alishikwa na hasira. Iko mimea inayofyonza metali ardhini na kuilimbikiza majanini, ili anayeitafuna ajute. Viwavi walishaelewa. Binadamu, mjuaji wa yote, alishukuru.

Alichimba upande wa Anselmo. Jembe liligonga mabaki ya betri zilizochomwa. Modeste akaletwa kituoni.

"Nani alichomea betri pale?"

"Ni mimi, chefu. Nilikuwa nauzisha chuma ya ndani."

"Ulijua udongo una sumu?"

"Mbuzi zangu zilikuwa zinakataa majani ya pale. Yenye ilikula, ilikufa."

"Ukampa Anselmo."

Modeste alipiga meza.

"Sasa nimupe udongo muzuri? Nimelima ile shamba maisha yangu yote! Wanakuja na mabaluchoni ya nguo kichwani, wanabeba nusu! Mutoto wangu Bora atalima wapi? Nikasema basi, wakule. Lakini sikuua mutu. Nilimupa udongo tu."

Elda alimwita Généreuse, mke wa Modeste, aliyekuwa akingoja nje. Aliingia peku. Miguu ilikuwa imevimba kama ya Kankindi, viatu havikumwenea.

"Mama, mboga mlikuwa mnapata wapi?"

"Kwa Kankindi. Kila Jumamosi alikuwa ananipa fungu. Zetu wadudu wanamaliza. Alisema jirani ni jirani."

"Hukuniambia!" Modeste alifoka.

"Ulinikataza hata kumusalimia, Baba Bora. Ningekuambiaje?"

Modeste alimtazama. Akaiona miguu yake.

"Na Bora?"

"Bora ndiye alikuwa anazipenda kutupita sote."