Nyumba Iliyozibwa kwa Ajili ya Ndege

Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika Bibi Zipora aliposikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa mezani taratibu, kwa mkono usiotaka kumwamsha mtu. Akatabasamu gizani. Huyo alikuwa Yasinta, mke wa mwanawe, akimchemshia maji ya kuoga kabla hajaenda kazini. Hakuna aliyemwomba. Tangu bibi apasuliwe mtoto wa jicho na kuambiwa akae hapa Miyuji, mjini Dodoma, kwa mwanawe, mpaka jicho lipone, maji hayo hayakukosekana hata siku moja. Pembeni yake alilala mjukuu wake Lydia, mtoto wa miaka sita, kajikunja kama kifaranga. Ndugu zangu, mngeisikia nyumba ile saa hiyo, mngeionea wivu.

Mara sauti ya mwanamume ikasikika kutoka chumba cha pili.

"Imezima tena! Ndiyo kwanza niko juu!"

Lydia akafumbua macho. Kikohozi kilikuwa kimemjia kifuani. Akavuta mto, akaubana usoni, akakoholea humo.

"Mbona unajiziba, mjukuu wangu?"

"Baba anasema nikikohoa sana namchanganya, ndege inaanguka."

Ngojeni niwaeleze hiyo ndege.

Ebenezer, mtoto wa Bibi Zipora, alikuwa karani katika shirika moja la umma. Mashirika yalipoanza kuuzwa, naye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Alipopata kiinua mgongo alikwenda Dar es Salaam kutafuta cha kufanya, akarudi na kompyuta ya mtumba. Alisema atafungua ofisi ya kuchapa barua. Lakini ndani ya lile boksi kulikuwa na sahani ya CD yenye mchezo wa kurusha ndege, na Ebenezer tangu utoto alitamani urubani. Barua hazikuchapwa. Kila siku aliketi, akairusha ndege yake, na kila siku kabla hajatua skrini iligeuka buluu, au picha iliganda ndege ikiwa bado angani. Hakuwahi kutua hata mara moja.

Msimcheke. Mtu aliyepokonywa kazi hushika chochote kinachomwambia kwamba mikono yake bado inafaa.

Aliutafuta ugonjwa wa mashine kwa bidii zaidi kuliko alivyowahi kufanya kazi ya shirika. Aliufuta mchezo, akauweka upya. Alibadilisha memori. Aliandika kwenye daftari saa aliyowasha na saa iliyozima. Akadhani umeme ni mdogo, akapiga marufuku pasi na friji. Akadhani ni mtikisiko, kinu kikanyamaza. Mwisho akadhani ni vumbi, na nani asiyelijua vumbi la Dodoma upepo wa Julai unapoanza? Akapigilia madirisha misumari. Akaziba nyufa kwa matambara. Kila Yasinta alipokwenda kazini, Ebenezer aliufunga mlango wa nje, na ufunguo akautia mfukoni, maana upepo ulikuwa ukiusukuma mlango.

Mashine yenyewe aliivisha nailoni. Matundu yake ya nyuma aliyajaza pamba. Juu yake akatandika kitambaa cheupe cha kufuma, kama watu wetu wanavyofunika redio na televisheni. Kitambaa hicho Bibi Zipora alikifuma kwa mkono wake mwaka Ebenezer alipooa. Alipokiona pale, moyo wake ulifurahi. Alijua amepewa heshima.

Lakini nyumba ilikuwa haina hewa. Mchana, ukikaa sebuleni, ulikuwa kama umekaa ndani ya gunia. Na Lydia alikuwa na pumu.

"Mwanangu," bibi alimwambia Ebenezer jioni moja, "tufungue hata dirisha moja. Mtoto hapati pumzi."

"Mama, nikishalijua tatizo nitayafungua yote. Nipe wiki hii tu."

"Wiki hii uliisema wiki ile."

Ebenezer akacheka. "Mama nawe! Haya, inua uso, saa ya dawa."

Akamdondoshea dawa jichoni, tone moja, taratibu. Mkono wake haukutetemeka. Hakuisahau dawa hiyo hata siku moja, pamoja na mambo yake yote. Ndiyo maana bibi akanyamaza. Ni vigumu kumkemea anayekutunza.

Yasinta naye alikuwa amechoka. "Nimesema mpaka mdomo umekauka, Mama. Ananijibu, 'Wewe una kazi yako, niachie mimi hiki kimoja.' Nitasema nini tena?"

Jirani wa mbele, Mzee Msafiri, fundi redio mtu wa Kondoa, alijitolea kuja kuitazama ile mashine. Alivua viatu barazani, akabisha hodi, akasubiri. Ebenezer hakumkaribisha ndani. "Asante, Mzee. Lakini kompyuta si redio ya mbao." Mzee Msafiri akavaa viatu vyake akaenda zake, na bado kila asubuhi alimsalimia Ebenezer yeye wa kwanza.

Ikafika Jumanne moja ya baridi kali. Yasinta alikuwa ameshakwenda kazini. Lydia aliamka kifua kikipiga mluzi. Bibi akampa dawa yake ya maji, akamkalisha, akamsugua mgongo. Mluzi ukazidi, kisha ukaanza kupungua, na bibi akaogopa zaidi, kwa sababu haukupungua kwa nafuu. Mtoto alikuwa anaishiwa nguvu ya kuvuta hewa.

Akaenda kugonga mlango wa Ebenezer. Ulikuwa na komeo kwa ndani.

"Ebenezer! Mtoto!"

"Mama, dakika tano! Sijawahi kufika hapa. Nauona uwanja!"

"Nipitishie ufunguo chini ya mlango!"

"Nikiachia usukani inaanguka, Mama. Dakika tano tu!"

Wenzangu, dakika tano ni kitu gani? Kwa mzima si kitu. Bibi Zipora alirudi kwa mtoto, akaona midomo imeanza kuwa ya kijivu. Akauvuta mlango wa nje, haukutikisika. Akaenda dirisha la kwanza, misumari. La pili, misumari. Alizunguka mle ndani kama kuku aliyefungiwa kwenye tenga. Akauona mchi ukiwa umeegemea ukutani, kazi yake ilishakatazwa. Akaushika kwa mikono miwili, akakipiga kioo cha sebuleni. Kikamwagika. Upepo ukaingia na vumbi lake lote, na bibi akambeba mjukuu wake, akausogeza uso wa mtoto kwenye nondo za dirisha.

"Msafiri! Jirani yangu! Njoo!"

Mzee Msafiri alikuja mbio, bisibisi bado mkononi.

"Ufunguo uko wapi, Mama?"

"Uko mfukoni mwa Ebenezer, na Ebenezer yuko angani."

Mzee akazitazama nondo. Akamtazama mtoto. Kisha akainua macho kwenye swichi kuu ya umeme, iliyokuwa ukutani pale barazani.

"Basi tumshushe," alisema, akaivuta chini.

Nyumba ikawa kimya. Komeo likafyatuka, Ebenezer akatoka kama nyuki.

"Nani amezima? Nani? Nilibakiza kidogo sana niguse uwa..."

Hakumaliza. Alimwona mama yake amesimama juu ya vioo, mguu unachuruzika damu, na Lydia begani mwake kichwa kimelegea. Mikono ile isiyotetemeka ilishindwa kuingiza ufunguo kwenye tundu lake. Ilibidi mama yake amshike mkono, wakaufungua mlango pamoja.

Mungu mkubwa, jirani mwingine alikuwa na pikapu. Hospitalini Lydia alitiwa hewa ya mtungi, akalazwa siku nne. Daktari aliuliza kwa upole kama nyumbani kwao hakuna madirisha.

"Yapo," alisema Ebenezer. "Niliyapigilia misumari mimi."

Waliporudi nyumbani, Ebenezer alivuka barabara mwenyewe, akavua viatu barazani kwa Mzee Msafiri, akabisha hodi. Mzee hakumkumbusha neno lolote. Alikuja, akaketi, akaomba daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari.

"Tazama hapa. Alfajiri inadumu dakika ishirini. Mchana inadumu saba. Siku ile ya baridi ilidumu kuliko zote. Jibu umeliandika mwenyewe, mwanangu. Mashine hii inapata joto, kisha inazima. Ina feni ndogo kwa ndani ya kutoa joto nje, na wewe umeiziba isipumue."

Akachomoa pamba. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ebenezer akakiondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akampa mama yake.

"Nilidhani naitunza," alisema.

"Najua," bibi akamjibu. "Na mimi nilipokiona pale, nilinyamaza."

Kesho yake bibi, ambaye jicho lilikuwa limeshapona, alirudi kijijini kwake Chamwino pamoja na Lydia, kwa sababu mtoto aligoma kubaki. "Hapa kwa Baba hakuna ruhusa ya kukohoa," alisema. Alasiri hiyo Ebenezer aliwasha mashine. Haikuzima. Aliruka, akakata mawingu, akatua salama. Ndege ikasimama katikati ya uwanja. Akageuza kichwa amwonyeshe mtu, nyumba nzima hakuna mtu, Yasinta alikuwa kazini. Akazima mwenyewe, akaenda kutafuta nyundo, akaanza kung'oa misumari.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, mambo yanapoharibika tunatafuta mkosaji nje: umeme, vumbi, kikohozi cha mtoto. Kabla hujamnyooshea kidole mwingine, angalia kwanza mikono yako mwenyewe imefanya nini. Kitu kinaweza kufa kwa kutunzwa vibaya, na nyumba pia. Aliyepoteza kazi asifungiwe na aibu yake. Mgongee mlango, na akikukataa, msalimie tena kesho. Na sisi wazee tunaochemshiwa maji na kudondoshewa dawa, shukrani isitufunge mdomo. Ungemkemea mwanao mapema, usingelazimika kuvunja kioo.

Lydia bado yuko Chamwino. Jumamosi iliyopita baba yake alikwenda kumwona. Mtoto alikaa mbali naye, nyuma ya bibi. Ebenezer hakumlazimisha. Aliketi chini, akavuta ungo wa karanga, akaanza kumenya, na baada ya muda mkono mdogo ukaingia kwenye ungo upande wa pili. Walimenya mpaka karanga zikaisha. Saa ya basi ilipofika Ebenezer akasimama, akajipangusa maganda.

"Utakuja tena lini?" Lydia aliuliza.

"Jumamosi."

"Jumamosi ni mbali, Baba. Njoo kesho."