Jina Moja, Sauti Mbili

Mtoto alifungua mdomo kulia, na kilio hakikutoka.

Loyce alikuwa anamenya viazi. Alimwona mwanawe Yusta pale mkekani, uso umejikunja, machozi yanamchuruzika, mdomo wazi mpaka kimio kinaonekana, lakini kimya, kimya kabisa, kama televisheni iliyofungwa sauti. Alimnyakua, akampigapiga mgongoni akidhani kapaliwa. Hakupaliwa. Anapumua vizuri tu. Sauti ndiyo hana.

"Mama, njoo umwone mtoto."

Mama mkwe wake, Jenoveva, aliacha jembe kwenye kabichi akaja akijifuta mikono. Alimwangalia mtoto kooni. "Ni huu ukungu. Huku Mlalo mnaugua mafua ya ukungu, nyie watoto wa chai." Alipenda kumtania hivyo. Loyce alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai upande wa Amani, wazazi wake watu wa kuja, na Kishambaa hakujua hata cha kuombea chumvi.

Kesho yake zahanati nao walisema koo ni safi. Loyce alirudi amembeba mtoto anayelia bila kulia, akaketi jikoni, akatamani kuisikia sauti ya mwanawe. Alikuwa nayo kwenye simu.

Tangu amalize kidato cha nne alikuwa akijifundisha kuandika programu, kwa lugha ya Kotlin, kwenye kompyuta chakavu ya mumewe Elieshi. Elieshi alikuwa dereva wa lori la mboga, yuko Dar wiki nzima, basi Loyce akamtengenezea programu ya kusikia nyumbani: bonyeza jina la mtu, sikia sauti yake. Ndani yake kulikuwa na kile waandishi wa programu wanachokiita map. Ni kama kabati la droo. Kila droo ina jina, na jina hilo ndilo ufunguo, ukilitaja unapewa kilichomo.

Akabonyeza Yusta.

Kikatoka kikohozi. Kisha pumzi nzito ya mtu mzima, na mvumo wa kubembeleza mtoto, wa taratibu, wa kukwaruza. Jikoni kukanuka ugoro.

Nyuma yake sufuria ilianguka. "Hiyo sauti umeitoa wapi?" Jenoveva aliuliza kwa kunong'ona.

"Ya nani, mama?"

"Ya mama mkwe wangu."

Hapo Loyce akaelewa. Bibi Yusta, bibi yake Elieshi, mzee wa ugoro na mkongojo, alifariki kabla mtoto hajazaliwa, na mtoto akapewa jina lake, kama ilivyo desturi. Bibi alipokuwa mgonjwa, Loyce alimrekodi, akamweka kwenye programu kwa jina la Yusta. Mtoto alipoanza kugugumia akamrekodi naye, akamweka Yusta. Na ufunguo mmoja hushika kitu kimoja tu. Ukiweka kingine, cha kwanza kinaondoka, na programu haikuulizi wala haikuonyi. Sasa aliyeondolewa alikuwa amerudi, na mtoto ndiye hakuwamo.

"Yaani ulimtoa?"

"Sikumtoa, mama. Niliweka mtoto, yeye akatoka mwenyewe. Ndivyo inavyofanya kazi."

"Ulimwambia?"

"Nani, programu?"

"Marehemu, Loyce."

Loyce alifungua kompyuta. "Nitalifuta jina lote, niweke upya."

Jenoveva alimshika kiganja. "Ukilifuta, unamfuta nani? Aliyemo humo sasa hivi ni nani?"

Loyce akafunika kompyuta.

Tangu hapo, kila ukungu ulipopanda alasiri na kufuta migomba, mtoto aliacha ziwa akageukia pembe ya chumba na kucheka kile kicheko chake kisicho na sauti, na huko pembeni mkongojo uligonga sakafu, ukasimama, ukagonga tena karibu zaidi, na harufu ya ugoro ikaja mpaka kwenye nywele za mtoto, na Loyce akawa anamkumbatia huku anasali Baba Yetu na kuikatiza katikati kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anayeisali pamoja naye, nyuma kidogo, kwa pumzi fupi, na mtoto anazidi kuwa mwepesi, mwepesi kama kapu tupu.

"Twende kwa Kassimu," alisema Jenoveva. "Mchungaji asijue."

Kassimu mganga alikuja mwenyewe. Alifukiza ubani, akataka aelezwe hilo kabati la droo, akaelezwa mara mbili.

"Wawili hawalali kitanda cha mmoja. Mpe marehemu jina lake peke yake."

Loyce akaandika ufunguo mpya: Bibi Yusta. Vidole vikasimama. "Ndani niweke nini? Rekodi yake ilishafutika, na ile tuliyoisikia haina faili la kuhamisha."

"Ukiacha tupu?"

"Jina litakuwepo, mwenyewe hayupo."

"Basi atabaki kwa mtoto."

Mkongojo uligonga nyuma ya mlango. Mtoto akatabasamu.

"Nikiweka ya mtu mwingine?" Loyce aliuliza. "Nikiweka yangu?"

Kassimu alitazama chetezo. "Hilo mimi sikulisema, binti."

Loyce alisogeza simu mdomoni. "Mimi ni mama yake," alisema. "Mwachie mtoto." Akahifadhi.

Harufu ilipanda mpaka macho yakawasha, kisha ikakatika. Na Yusta akalia. Alilia kwa nguvu zote, kilio cha mtoto mwenye njaa na hasira, mpaka vifuniko vikalia rafuni. Jenoveva alijifunika uso kwa kanga akacheka na kulia pamoja. Kassimu alikusanya vitu vyake haraka, akakataa hata chai, akatoka.

Loyce alimpakata mwanawe, akafungua mdomo kumwambia nyamaza mama, nyamaza.

Ukatoka wimbo. Wa taratibu, wa kukwaruza, wa Kishambaa, maneno ambayo hakufundishwa na mtu yakifuatana bila kukosea, na alipotaka kufunga mdomo mdomo haukumsikiliza. Alijaribu kumwita mama mkwe wake na wimbo ukaendelea. Mtoto alitulia kifuani, kama anayemjua mwimbaji.

Jenoveva aliacha kucheka. Alimtazama mkwewe, kisha akapiga magoti polepole kando ya meko.

"Shikamoo, mama," alinong'ona.

Na Loyce, kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa chumba cha ndani, alilisikia koo lake mwenyewe likikohoa na kuitikia.

"Marahaba, Jenoveva."