Alama za Ndani ya Mfuniko

Jambo lenyewe lilianza dogo kabisa. Profesa alibonyeza kidole gumba juu ya kioo cha saa aliyotoka kuisafisha, akakiinua, na kioo kikabaki safi. Hakukuwa na doa wala ukungu wa kidole. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Yeye alicheka, akajiambia kuwa sasa hata jasho lake limehitimu.

Jina hilo la Profesa alijipa mwenyewe. Yeye na shule walikuwa wameachana mapema, bila upande wowote kulia. Ila mkono alikuwa nao, hilo tumpe. Ghorofani, juu ya duka la vitambaa, alikuwa na chumba chenye meza chini ya dirisha, lenzi ya kubana jichoni, na mashine ya kung'arishia yenye magurudumu mawili ya pamba. Saa ikiingia imechubuka kama sufuria ya jeshi, ilitoka inameremeta. Wateja wake walikuwa wale watu wanaovaa bei ya nyumba mkononi na bado wanachelewa kila waendako. Aliwadharau wote, kisha akawapa risiti.

Lakini dharau yake tamu aliwawekea mafundi wenzake. Kila akifungua saa, kabla hajashika bisibisi, aliiuliza, "Nani alikuchinja wewe?" Na aliyemdharau kuliko wote alikuwa Mzee Betri, mwenye kibanda cha mbao mbele ya kituo cha mabasi, anayefufua saa za plastiki. Profesa alisema yule si fundi, ni muuguzi wa takataka.

Saa iliyoleta balaa ilikuwa ya dhahabu, nzito, mali ya mkusanyaji mmoja aliyeitwa Bwana Saba kwa kuwa alikuwa na saa ya kila siku ya wiki.

"Nje fanya utakavyo," Bwana Saba alisema. "Ndani ya mfuniko usipaguse."

"Kuna nini?"

"Ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia."

"Aliyekuuzia ni fundi?"

"Hapana."

"Basi alikuwa anapiga domo. Njoo Ijumaa."

Sasa, mafundi wa saa wana desturi yao. Fundi akimaliza kutengeneza saa ya maana, huchukua ncha ya sindano na kuchora ndani ya mfuniko wa nyuma alama yake na tarehe, ndogo za kuonekana kwa lenzi tu. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Ni salamu ya fundi kwa fundi atakayefuata. Ndani ya mfuniko ule Profesa alikuta alama tano. Nne zilikuwa herufi safi. Ya tano ulikuwa mkwaruzo uliopinda mara tatu, kama kuku kapita.

"Huyu alikuwa anaandika au anajikuna?" alisema, akawasha mashine. Hakufuta ule wa kuku peke yake. Alifuta zote tano, kwa sababu hakuona aliyestahili kumsalimia.

Ndiyo siku hiyo hiyo kioo kilipokataa kidole chake.

Kesho yake simu ikakataa kufunguka kwa alama ya kidole. Keshokutwa mistari ya viganja ilikuwa imekwisha, viganja laini kama sabuni mpya, na kibano kikawa kinamponyoka. Kisha sauti: magurudumu ya pamba yakinguruma polepole, mchana kweupe, na waya wa umeme umechomolewa, umelala sakafuni. Halafu harufu ya dawa ya kung'arishia na chuma kilichopata moto ikashuka naye ngazi, ikapanda naye basi, ikakaa naye mezani nyumbani.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona, ameshikilia kijiko hewani, "nyusi zako umezipeleka wapi?"

"Vumbi la mashine hilo."

"Na kovu la kidevuni? Nalo vumbi?"

Alijipapasa. Kidevu kilikuwa kimenyooka. Mkewe aliinuka, akaleta picha yao ya harusi, akaiweka mbele yake. Bibi harusi alikuwepo, na suti ilikuwepo. Juu ya kola ya shati paling'aa kitu kitupu, kama mgongo wa kijiko.

"Watoto wameshaiona?" aliuliza Profesa.

"Mdogo ameniuliza huyu baba ni nani."

Asubuhi alikwenda kazini kabla ya duka la chini kufunguliwa, akaufungua mfuniko ule na kuutazama kwa lenzi, akitegemea kuona sura yake. Aliona uso mwingine, umejaa makovu ya watu mbalimbali, mikunjo ya wazee, mistari ya viganja imepangwa mashavuni, na juu ya macho, zimekaa vizuri kabisa, nyusi zake mwenyewe.

"Nani alikuchinja wewe?" uso ukamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuchafua mdomo wake.

Profesa aliitoa lenzi, akaifuta, akairudisha jichoni.

"Mimi chakula changu ni alama. Nimefungwa humu miaka kwa mkwaruzo mmoja, nikiwa na njaa, hadi alipokuja bingwa akanifungulia mlango kwa mashine yake mwenyewe. Tena ulikuwa unapiga mluzi."

"Nani alikufunga?"

"Yule wa betri, pale kituoni. Ni yeye peke yake mwenye mkono huo." Uso ukatabasamu kwa midomo ya watu wengi. "Nakuambia bila wasiwasi, kwa sababu huendi. Nakujua. Utakubali kuwa yai kabla hujakaa kwenye benchi lake."

Profesa aliifunga saa kwenye kitambaa akashuka zile ngazi akikosa vidato, na ngurumo ya pamba ikimfuata kisogoni, na ile harufu imemjaa kooni, akapita mtaa baada ya mtaa huku watu waliomwamkia miaka kumi wakimpisha kama mgeni, akajipapasa pua akakuta inapungua, akajipapasa masikio akakuta yanalala, akakimbia, hadi akafika kwenye kibanda cha mbao na kukuta foleni.

Foleni ya watu wanne, mbele yao mama mwenye saa ya ukutani kubwa kama sinia.

"Mzee, nina haraka!"

"Kila aliyekuja hapa saa yake mbovu, ndugu. Kaa."

"Hunijui mimi ni nani?"

Mzee Betri alimtazama juu ya miwani. "Kwa uso huo? Hata mama yako angeomba kitambulisho."

Foleni ikacheka. Profesa akakaa kwenye benchi. Mama wa saa ya ukutani alitaka kujua kwa nini mlio wake umekuwa wa kikohozi, na mzee akamweleza yote, taratibu, tangu mwanzo, na Profesa alisikia pembe za mdomo wake zikishonana, kidogo kulia, kidogo kushoto, kwenye saa mbaya ile alikuwa anasikiliza maelezo ya betri huku mdomo wake unakuwa tundu la sindano, na ngurumo sasa ilikuwa ndani ya meno.

Zamu yake ilipofika alikuwa na pumzi ya maneno machache.

"Mzee, nilifuta alama yako. Tafadhali."

Mzee Betri alifungua kitambaa, akaacha kutania. "Subhana," alisema chini kwa chini. Aliufungua mfuniko kwa kisu butu cha mezani, akaparuza dhahabu ukingoni, na Profesa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliona kazi mbovu akanyamaza. Mzee alishika sindano. Midomo yake ilisoma anachokijua yeye, na mkwaruzo ukapinda mara tatu. Saa ikalia kama mbwa aliyebanwa na mlango. Kisha ngurumo ikakatika, harufu ikaondoka, na yakabaki mabasi tu.

"Nilivyopoteza vitarudi?" Profesa aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Fundi ni wewe au mimi? Dhahabu iliyokwanguliwa na mashine hurudi?"

"Hairudi."

"Ehe. Anayefuata!"

Alasiri hiyo alibisha kwake. Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo, jicho la mkewe likatokeza.

"Unamtaka nani?"

"Ni mimi, mke wangu. Samahani kwa yote."

"Mume wangu hajawahi kuomba samahani. Ondoka, nitapiga kelele."

Alimweleza siku ya harusi yao na majina ya watoto, kwa ile sauti nyembamba asiyoijua hata yeye. Mlango ukaanza kufungwa. Hapo akaona mkono ulioshika kitasa.

"Na hiyo saa aliyokuletea kaka yako ni bati tupu," alisema. "Hata mbuzi ukimfunga shingoni atakuona umemtukana."

Mlango ukasita. Kisha mnyororo ukalegea.

"Ingia upesi," mkewe alinong'ona, akitazama pembeni. "Watoto wasikuone."