Lenzi za Nakonde

Kitu cha kwanza kilichomkera Atuganile kilikuwa joto. Ilikuwa Juni, na pale Mpemba, karibu na Tunduma, mwezi wa Juni maji yaliyolala ndooni huuma vidole, lakini alipochovya ncha ya kidole ndani ya kichupa cha lenzi za kuvaa machoni alicholetewa alikuta uvuguvugu, kama wa kitu kilichotoka mwilini mwa mtu dakika hiyo hiyo.

Hakuogopa. Alimdharau tu Efraimu, akidhani alikuwa amekibeba kwapani tangu mjini, maana Efraimu alikuwa mtu wa kubeba vitu kwapani.

Atuganile alikuwa mpambaji, mwanamke wa miaka arobaini, mzaliwa wa Ileje. Kazi alijifunza Mbeya kwa mwalimu mkali, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewapamba maharusi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, na hapakuwa na sura hata moja aliyoipamba asiidharau kidogo. Wengine walikuja na nyusi walizonyoa wenyewe. Wengine walitaka weupe wa unga. Aliwatengeneza wote vizuri, akawachukia kimya kimya, akaenda kulala.

Efraimu alimzidi kila bibi harusi kwa kudharaulika. Alikuwa fundi wa vioo vya simu karibu na stendi ya Tunduma, mpaka aliponunua kamera ya mtumba na kuanza kujiita Dairekta. Muvi zake zote zilikuwa za majini, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, jini hahitaji hadithi, anahitaji kelele. Safari hii jini alikuwa bibi harusi, na aliyepewa sehemu hiyo ni Goodness, binti wa miaka ishirini kutoka Ndalambo, aliyekuwa akihudumia wateja kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Goodness alikuwa mtoto mwenye adabu, lakini kuigiza hakujui. Kwenye mazoezi aliigiza jini kama mtu aliyeungua ulimi kwa uji.

Walikuwa wakirekodi kwenye nyumba ambayo haijaisha, kando ya barabara kuu, saa nne asubuhi, malori yakiwa yamepanga foleni nje kuelekea mpakani. Atuganile alikiinua kile kichupa kwenye mwanga. Ndani zilielea lenzi mbili nyeupe, ndogo kama maganda ya dagaa. Hakukuwa na pakiti, hakukuwa na tarehe, hakukuwa na jina la aliyezitengeneza. Aliuliza zilikotoka. Efraimu akasema kwa fahari kwamba alizipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mwanamke mmoja muuza salaula, zikiwa ndani ya mfuko wa gauni jeupe lililotoka kwenye robota la nguo za mtumba. Gauni nalo alilinunua. Ndilo hilo Goodness alilokuwa amelivaa.

Atuganile alimweleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mbuzi kusoma, kwamba lenzi si shanga. Alimwambia kila jicho lina mviringo wake, na hata mtu anayeona vizuri hupimwa kwanza na mtaalamu wa macho. Lenzi hufunguliwa kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, hazivaliwi na watu wawili, hazioshwi kwa maji ya bomba wala ya chupa wala kwa mate, bali kwa dawa yake. Mtu halali nazo. Jicho likiuma au likiwa jekundu, zinatoka saa hiyo. Na kama alitaka zipendeze kwenye kamera, basi angetafuta zenye duara jeusi pembeni na tundu la mboni katikati, kwa kuwa nyeupe tupu humfanya mtu aonekane amewekewa mayai ya kuchemsha, tena asione anakokwenda.

Efraimu alisikiliza huku akichokonoa meno. Akasema watazamaji wake wanaangalia kwenye simu, hakuna atakayepima. Goodness naye, kwa hofu ya kunyang'anywa sehemu, akasema macho yake ni magumu, yamekulia kwenye moshi wa jikoni.

Hapo Atuganile angeweza kukataa. Alikuwa anajua. Lakini aliwatazama wawili wale, mmoja mjinga na mwingine mjinga mwenye njaa, akajisemea moyoni, wacha wajifunze. Akanawa mikono kwa sabuni, akaisuuza, akaikausha. Akazipitisha zile lenzi kwenye dawa yake mwenyewe mara mbili, akamshika Goodness kope, akamvalisha.

Lenzi zilikaa mara moja. Hazikuteleza, hazikumtoa machozi. Mtu anayevaa lenzi kwa mara ya kwanza hupepesa kama aliyemwagiwa pilipili, lakini Goodness alikaa tu, mikono juu ya magoti.

Walipoanza kurekodi, Efraimu alimwagiza apige ukelele. Goodness hakupiga. Alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya sebule isiyo na dari, akiielekea kamera, na Hamis, mshika kamera, akamsubiri. Kisha akapepesa macho mara moja, na wote wanne mle ndani wakaisikia ile sauti ya kope, sauti ya majimaji, kama mtu anayebandua kiganja kwenye matope. Hamis akainua kichwa.

"Piga kelele, Goodness," Efraimu akasema.

"Sisi hatupigi kelele," Goodness akajibu taratibu. "Hiyo mmezua ninyi."

Efraimu akatabasamu, akamnong'oneza Hamis asizime. Alidhani binti amebuni maneno yake mwenyewe. Atuganile, aliyesimama mlangoni na sponji mkononi, alihisi ngozi ya shingo ikimsisimka, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuona cha kudharau. Yule aliyeketi pale alikuwa na utulivu wa mtu aliyezoea kuangaliwa, na Goodness wa Ndalambo hakuwa na kipaji hicho.

Ndipo harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya kucha iliyoungua, na chini yake harufu ya kitambaa kilichokaa miaka ndani ya robota. Chini ya lenzi, kwenye kona za macho, wekundu ulikuwa umeanza kutambaa, na chozi moja zito likashuka bila uso kubadilika. Atuganile akasema inatosha. Akamshika binti mkono, akampeleka chumba cha nyuma palipokuwa na meza yake na dirisha lisilo na kioo. Efraimu alilalamika.

Akanawa tena. Akaibana lenzi ya kulia kwa vidole viwili, ikatoka, akaiweka kwenye kisahani, akatoa ya kushoto, akaiweka kando ya mwenzake, kisha akamwambia Goodness ainue uso amtilie matone, na Goodness akauinua, na macho yalikuwa meupe vilevile.

Atuganile alitazama kisahani. Lenzi zilikuwamo, mbili. Akadhani binti alikuwa ameshavaa jozi nyingine kwa siri, akamtukana kimoyomoyo, akatoa na hizo, zikawa nne, na chini yake palikuwa na nyingine, akatoa, zikawa sita, zote zenye joto kama mate, na kila alipobana na kuvuta alisikia ule mlio wa matope, na ile harufu ikapanda mpaka akaihisi kwenye ulimi, lakini aliendelea kwa kuwa wekundu ulikuwa unazidi na alijua kioo cha jicho hakistahimili kuchunwa namna hiyo, na alijua pia kwamba akiacha, kile kilichokuwa humo kingebaki humo, hivyo akatoa na kutoa mpaka kisahani kikajaa kikawa kama bakuli la mayai ya chura, na uso ule mweupe wa macho ukamtazama kwa huruma ya dharau, kama yeye anavyowatazama watu.

"Toa tu, dada," ukasema. "Ninazo nyingi."

Efraimu alikuwa ameshaingia, na Hamis nyuma yake na kamera. Hamis aliona kisahani. Aliitua kamera chini, akasema kwa sauti ya chini anakwenda kumwita baba yake mdogo, akapanda bodaboda akaondoka. Efraimu akaiokota kamera akaendelea mwenyewe. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alisogea apate picha ya karibu.

Saa nzima walikaa hivyo. Yule wa kitini hakufanya fujo. Alizungumza tu. Alimwambia Efraimu kwamba hata wazimu wake ni wa kuazima. Alisema amekaa ndani ya gauni lile kwenye giza la robota akivuka bahari na nchi, na katika watu wote waliolishika hakuwahi kukutana na wepesi wa kukufuru na uzito wa akili kama wa huyu. Atuganile alisikia matusi hayo, na kilichomtisha kuliko yote ni kwamba yalikuwa yake. Alikuwa ameyawaza asubuhi, karibu neno kwa neno.

Baba mdogo wa Hamis alikuwa Ustadhi Abdulwahab, mwenye duka la vipuri vya malori Tunduma, ambaye watu walimwita akasome dua palipokuwa na shida ya namna hiyo. Alifika na Hamis baada ya adhuhuri, mzee mfupi mwenye kandambili, kucha zimejaa grisi. Atuganile alimwona akasema moyoni, na huyu naye.

Mzee hakugusa kitu. Alisimama mlangoni akimpa yule binti mgongo, akauliza ni nani anayerekodi, na tangu saa ngapi. Alipojibiwa alitikisa kichwa.

"Huyu hakai kwenye lenzi," akasema. "Anakaa kwenye kutazamwa. Kila anayemtazama anamshonea nyingine. Izimeni hiyo, na kila mtu ageukie ukuta."

"Mzee wangu, hii ndiyo sini itakayonitoa," Efraimu akasema.

Atuganile hakubishana naye. Alimfuata, akaikwapua kamera, akachomoa betri, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. Efraimu alibaki ameshika mikono hewani kama aliyenyang'anywa mtoto.

Kisha mzee akamwambia Atuganile kwamba yeye atasoma, lakini kutoa hawezi, maana mikono yake ina grisi na yale ni macho ya mtoto wa watu. Atatoa yeye mpambaji, kwa kupapasa, akiwa amefumba. Lilikuwa jambo la kwanza la akili alilolisikia siku hiyo.

Akanawa mara ya mwisho. Akafumba. Mzee alianza kusoma kwa sauti ndogo, uso wake ukutani, na Hamis ukutani, na Efraimu naye, akilia kwa hasira. Atuganile akanyoosha vidole gizani, akagusa kidevu, akapanda shavuni palipolowa, akafika kwenye kope, na pumzi ya kucha iliyoungua ikamjia sikioni, karibu mno, ikamnong'oneza kwamba hana haja ya kujisumbua, kwamba wao wawili ni wamoja, kwamba tangu lini alimjali binti huyu wa mgahawa asiyejua hata kuigiza, na tangu lini alimjali mtu yeyote katika hizo sura mia alizozipaka rangi, na kwamba akifumbua macho tu, mara moja tu, ataonyeshwa watu walivyo hasa, naye atafurahi kwa kuwa ataona hakukosea.

Kope zake zilitaka kufunguka. Alizibana mpaka zikauma.

"Nawadharau, ndiyo," akanong'ona. "Lakini nawanawia mikono kabla ya kuwagusa."

Akabana, akavuta. Ya kulia ikatoka, nzito kama kipande cha nyama. Ya kushoto ilishikilia. Alishusha pumzi, akaipapasa ukingo, akaisukuma kidogo pembeni kama alivyofundishwa, ikaachia. Goodness akapiga ukelele wa maumivu, wa kitoto, wa ovyo kabisa, na ile harufu ikakatika ghafla kama mlango umefungwa.

Walipogeuka walimkuta ameanguka kutoka kitini, mboni zake nyeusi tena, macho mekundu, yamevimba, yanachuruzika machozi. Kwenye kisahani kulikuwa na maji tu. Atuganile alimvua binti lile gauni akamfunga khanga, mzee akaliteketeza kiwanjani pamoja na kichupa, akayafukia majivu kwa jembe, akaondoka bila kukubali hata chai.

Hospitalini, daktari wa macho alikuta kidonda kwenye kioo cha jicho la kushoto. Aliuliza zilikuwa lenzi za nani na nani alimvalisha. Atuganile akasema ni yeye. Daktari alimsema mbele ya wagonjwa wote, maneno yaleyale aliyomwambia Efraimu, naye akayapokea ameinamisha kichwa. Walimlaza binti siku tisa. Jicho lilipona, likabaki na kovu, akawa analitumia kama mtu anayetazama kupitia mvuke. Efraimu hakuja hata siku moja. Alituma ujumbe kuulizia betri.

Siku ya kutoka, Atuganile alimrudisha kwa bajaji. Walikwenda mpaka walipoyaona malori.

"Dada Atu," Goodness akasema, "si kweli kwamba sikujua kitu. Nilikuwa naona. Nilikuwa nawaona nyote kutoka kule ndani."

Atuganile akamuuliza alionaje.

"Nilikuwa nawaona kama uchafu. Wewe, Hamis, Dairekta, hata mama yangu nilimkumbuka nikamwona hivyo hivyo." Alifuta lile jicho baya kwa ncha ya khanga. "Na haikuniuma, dada. Ilikuwa raha. Ndicho ninachokiogopa mpaka leo, kwamba ilikuwa raha."

Dereva wa bajaji alipiga honi, akamtukana mwendesha baiskeli. Atuganile alimtazama yule mwendesha baiskeli akiyumba na gunia lake la mkaa, akajikuta tayari ameshamwita mpumbavu moyoni, kabla hajamwona vizuri usoni.

Alimfikisha Goodness kwao, akaenda saluni kwake, akafunga mlango, akavuta kioo karibu na dirisha. Alinawa mikono kwa sabuni, akaisuuza, akaikausha. Akavuta kope ya chini ya jicho la kulia, akatazama kwa makini, akapapasa weupe kwa ncha ya kidole, taratibu, akitafuta ukingo.

Hakukuta kitu. Akanawa tena, akaanza upya.