Kimya Alipopewa Jina

Kimya aligeuza shingo.

Wa benchi la mbele ndio walioona kwanza, na kila mmoja alidhani ni macho yake. Kanda ile ya katuni walikuwa wameitazama mpaka wanajua picha inacheza wapi na sauti inakwama wapi. Kimya husimama kando ya kisima, amekipa kijiji mgongo, hageuki kamwe. Leo aligeuka. Mchoraji hakumchora mdomo, ila macho alimpa, na macho hayo yalipita kwenye mabenchi taratibu kama ya mtu anayemtafuta wa kwao.

"Zebedayo, umeweka kanda nyingine?" Lugano aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni ile ile," alijibu Zebedayo kwenye kipaza sauti.

Jambo hili lilianza jana yake, na lilianza kwa ubishi. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, shamba la mkonge alilokuwa akifanyia kazi Zebedayo lilifungwa, watu wakatawanyika Same mjini kutafuta la kufanya. Wengine walifungua mitumba. Zebedayo, mtu wa Myamba kule mlimani, mwenye koo la ajabu, alipata televisheni na deki iliyopitishwa kimagendo mpakani Taveta, akaziba madirisha ya chumba kimoja nyuma ya stendi kwa magunia, akawa anaonyesha video mchana na kutafsiri. Kutafsiri ni neno la heshima tu. Lugha ya kwenye kanda hakuijua hata salamu yake. Alikuwa anatazama midomo ya watu inavyokwenda, anatunga.

Kanda za ngumi zilikuwepo, lakini kilichowashika watu ni katuni ya watoto, waliyoiita wenyewe Watoto wa Kisima. Usicheke. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanaacha shughuli kwa ajili ya watoto wa kuchorwa, na wakitoka chumbani wanakaa nje chini ya bati kugombania tabia zao hadi jasho linawatoka.

"Kidoti hakumwachia yule ndege kwa huruma," alisema Redempta, mama lishe wa stendi, mwiko ungali mkononi. "Alimwachia kwa sababu alichoka kupendwa na kitu kilichofungwa."

"Hapo umesema," Lugano aliunga mkono. Huyu alikuwa Mnyakyusa, dereva wa zamani wa trekta la shamba. "Sasa niambieni, yule Kimya anataka nini?"

"Hataki kitu," alijibu Rogers, fundi redio, aliyekuwa na maneno makali kuliko umri wake. "Kimya ni kosa la mtunzi. Kamweka pale kisimani, kamsahau."

"Mtu wa kutisha asiye na sababu ni sanamu la kufukuzia ndege shambani," Lugano alikataa. " Zebedayo! Wewe ndiye unayewasemea wote. Mpe sababu!"

Wakarudishwa ndani, kanda ikarudishwa nyuma, na Zebedayo, kwa kiburi cha msanii anayeshangiliwa, akampa Kimya sababu. Hakwenda mbali kuitafuta. Alichukua kifo cha kaka yake mwenyewe, aliyevutwa mkono na mashine ya kuchakata mkonge, ikamla mpaka kifuani, na kilichopatikana kikafukiwa palepale shambani badala ya kupandishwa mlimani kwao. Akasema Kimya naye yuko hivyo, anasimama kisimani akingoja watakaompeleka nyumbani. Chumba kizima kikalia. Rogers mwenyewe alipangusa macho.

"Na jina lake nani, baba?" Redempta aliuliza huku anapenga kamasi.

Zebedayo alilewa sifa. "Hezroni," alisema, akilitaja jina la kaka yake yule.

Lugano akanyanyua kibuyu chake cha dengelua, ile pombe ya miwa, akamimina kidogo sakafuni kwa mzaha. "Karibu, Hezroni!"

"Karibu!" watu wakaitikia kwa pamoja.

Mlangoni, Beatha, mkewe Zebedayo, mwenye mimba iliyokomaa, alishika fremu asianguke. Katika ukoo wa akina Zebedayo, mtu akifa bila mtoto jina lake huwekwa, likimngoja mtoto wa kwanza wa ndugu yake. Siku ya kumpa, jina hutamkwa mbele ya watu, pombe kidogo humwagwa chini, na watu huitikia. Jina la Hezroni lilikuwa la huyu aliyekuwa tumboni mwake. Lilishakuwa lake tangu mimba ilipotangazwa kule mlimani.

"Umefanya nini, mume wangu?"

"Ile ni katuni tu, Beatha."

"Limetamkwa, pombe imemwagwa, watu wameitikia. Kimebaki nini? Mwanangu atazaliwa akute nafasi yake ina mtu!"

Zebedayo alicheka. Kesho yake ndipo Kimya akageuza shingo, na Zebedayo hakucheka tena.

Ilianza harufu. Ule uchachu wa maji ya mkonge uliooza, ambao watu wa shamba wanaujua hata usingizini, ulipanda kutoka sakafuni na kujaa chumbani, na shamba lenyewe lilikuwa mbali na halina hata mfanyakazi mmoja. Kisha Zebedayo akaanza kuongea kabla hajaamua kuongea. Sauti ilitoka chini sana tumboni, nzito.

"Nani alisema mimi ni kosa la mtunzi?"

Watu walidhani ni tafsiri, wakachekelea. Rogers akanyoosha mkono juu, akijitapa. "Mimi hapa! Na leo bado nasema..."

Hakumaliza. Mkono ule ulivutwa. Hapakuwa na kitu mbele yake ila giza na mwanga wa kioo, lakini ulivutwa kwa nguvu iliyomnyanyua kutoka kwenye benchi, vidole vikatangulia, na mlio wa mashine ya mkonge ukajaa chumba, ule mngurumo wa meno ya chuma, na wote wakaona kwa macho yao nyama ya Rogers ikichanika kuanzia kwenye kucha kwenda kiwikoni, ikipukutika, damu ikiwarukia waliokaa mbele usoni na midomoni, na yeye akipiga kelele ambazo hazikuwa za mtu tena, hadi Lugano alipomkumbatia kiunoni na kumng'oa kama anavyong'olewa mtu kwenye tope la mto. Walipomtoa juani, mkono ulikuwa umebaki nyuzi nyeupe zinazoning'inia kwenye mfupa.

Zebedayo alitoa kanda kwenye deki, akaivuta utepe wote, akaichoma moto uani. Ndiyo kwanza akaharibu zaidi. Utepe ulipokuwa unanywea kwenye ndimi za moto, Beatha aliachia ukelele jikoni. Zebedayo alipomkimbilia alimkuta amepiga magoti, gauni limepanda, na juu ya tumbo lile la duara kulikuwa na alama za vidole zikididimia ndani ya ngozi, moja baada ya nyingine, zikitafuta mahali pa kushika.

"Linamvuta," Beatha alinong'ona. "Zebedayo, linamvuta mtoto wangu. Liambie limwache!"

Zebedayo alifungua kinywa kuomba, na kinywa chake mwenyewe kikamjibu: "Jina moja halikai kwa wawili. Akitoka, nitamkunja."

Kesho yake asubuhi walimfuata Sharifa huko Maore, mama wa watu wa pwani aliyekuja zamani na mumewe mkata mkonge, akabaki akitibu watu. Beatha alimwamkia, akaitikiwa marahaba, na kabla hajaeleza, Sharifa alikuwa ameshaziba pua kwa mtandio.

"Shemeji yako hayumo humu," alisema. "Msimsingizie marehemu. Hili ni jini. Lilikuwa linapita zake, likakuta jina limeachwa wazi mbele ya watu, likalivaa."

"Kanda nimeichoma, bibi," alisema Zebedayo.

"Kanda ni plastiki. Jini hili linashiba kwa kuzungumzwa. Kila mnapokaa pale nje kubishana ana uchungu gani, alikosewa na nani, mnalilisha. Hata jana, kijana wa watu hajafungwa jeraha, wangapi walikuwa uani kwako wanaulizana kwa nini limemchagua yeye?"

Zebedayo aliinamisha kichwa. Walikuwepo wote.

"Sasa sikiliza. Limeingia kwa hadithi, litatoka kwa hadithi. Walewale walioitikia wawepo, na mdomo uleule umzike huyo wa hadithi. Mfikishe nyumbani, mfukie, funga kaburi. Litapigana nawe. Usipofunga kaburi, andaa sanda ya mtoto na ya mama yake. Na ukishamaliza, asizungumzwe tena. Hata kwa kulaaniwa."

Walikusanyika mchana, jua linachoma bati. Rogers aliletwa, kisiki cha mkono kimefungwa kanga. Beatha alikaa kwenye benchi la nyuma, ameegemea kifua cha Redempta, uchungu ukiwa umeshamwanza. Sharifa aliwasha ubani mlangoni. Zebedayo aliwasha televisheni, deki ikiwa tupu, na Kimya akawepo.

"Hezroni alisimama kisimani," Zebedayo alianza, jasho linamtiririka. "Wakaja nduguze. Wakamnyanyua."

Kwenye kioo, Kimya alianza kutembea kuja mbele.

"Wakampandisha mlimani, wakapita migombani, wakafika Myamba..."

"Sikufika!" ilisema sauti ile kutoka koo lilelile, na ngurumo ya mashine ikaanza chini ya miguu yao, na harufu ikawa nzito mpaka watu wakatapika walipokaa, na ghafla Lugano, mtu mpole asiyepiga hata mbwa, alinyanyua benchi akampiga nalo jirani yake kichwani mpaka fuvu likalia, na jirani akaanguka akimng'ata Lugano paja, na chumba kizima kikageuka wanaume wanaokabana, wanaochomoana macho kwa vidole, wanaopigizana vichwa kwenye ukuta, kila mmoja akilia na kuomba msamaha huku anapiga, kwa sababu mikono haikuwa yao, na katikati ya hayo Beatha alikuwa amelala sakafuni, Redempta amemlalia juu kumkinga, na mgongo wa Redempta ukichanika mistari mistari kana kwamba unapitishwa kwenye meno ya chuma, na mama yule haondoki, anasema tu, "Sukuma, mwanangu, sukuma, mimi nipo."

Zebedayo aliyaona yote. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na aliendelea.

"Wakachimba," alisema. "Wakamlaza karibu na baba yake. Wakamfukia. Udongo umejaa. Kaburi limefungwa. Hezroni amezikwa!"

Kimya alikuwa amekaribia mpaka uso wake umejaa kioo chote. Mahali pasipochorwa mdomo pakaanza kupasuka. Na Zebedayo alisikia ulimi wake unajipinda, unajiandaa kusema neno moja la kulifukua kaburi lile, na akajua hawezi kuushinda. Basi akakaza meno. Aliuuma ulimi kwa nguvu zake zote, kichwa kikimtetemeka, damu ikashuka kidevuni na kifuani, akaendelea kuuma mpaka meno ya juu na ya chini yakakutana.

Kioo kilipasuka. Mikono ya watu ikaanguka. Harufu ikakatika kana kwamba mlango umefungwa, na katika utulivu ule wakasikia mtoto analia.

Alikuwa wa kiume, mzima, mwenye mapafu ya kutosha. Beatha alimpa jina Elirehema, jina lisilowahi kuwa la mtu yeyote kwenye ukoo, na hakuomba ruhusa mlimani. Zebedayo aliponea hospitali. Aliweza kunywa uji na kutikisa kichwa, na kila alipomtazama mwanawe alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hakujuta. Beatha alimpenda siku zile kuliko alivyompenda alipokuwa na sauti, na alimwambia hivyo.

Mtoto alipopata nguvu, watu walikuja kumwona. Redempta alikuja amejifunga kitambaa mgongoni, Lugano na jicho lake moja, Rogers na mkono wake mmoja. Walimbeba, wakamsifu, wakamrudisha ndani kulala. Kisha wakatandikiwa mkeka uani wanywe chai, na Zebedayo akakaa nao kizingitini. Mwanzoni waliongea habari za mvua.

"Mimi sitaji jina," alisema Rogers baadaye, kwa sauti ndogo. "Ila nakubali nilikosea. Sababu aliyopewa ilikuwa na mashiko."

"Tulikatazwa," Lugano alinong'ona. Akanywa chai kidogo. "Lakini kweli. Mimi kilichonishika ni pale alipokataa kufika. Kwa nini akatae, na nyumbani ndiko alikokuwa anakutaka?"

"Kwa sababu alipokuwa kisimani alikuwa anangojwa na watu," alisema Redempta, machozi yakimlenga. "Ukishazikwa, nani anakungoja? Mimi hapo ndipo nilipomwelewa. Hata alivyokuwa ananichana, nilimwelewa."

Zebedayo aliruka kizingitini akitoa mlio usio na maneno, akipunga mikono. Beatha alitoka jikoni na panga. "Nyamazeni!" alisema. "Atakayeongeza neno namkata shingo, haki ya Mungu! Tokeni kwangu!"

Vikombe vilibaki hewani. Redempta alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, ameshajua alichofanya.

Ndani, chumbani alikolala mtoto peke yake, mtu alikohoa kusafisha koo. Kisha ilisikika sauti nzuri, nzito, yenye madoido, sauti ambayo kila mmoja pale uani aliijua na alikuwa ameililia. Zebedayo aliitambua kabla yao wote kuwa ni yake mwenyewe, akashika koo lake.

"Endeleeni," ilisema. "Mlikuwa mmefika pazuri."