Kila Konrodi na Kifuniko Chake

Tangu mume wake afariki, mjane alizoea kuzungumza na mashine ya kusaga. "Amka, mvivu," aliiambia kila asubuhi akizungusha hendeli. Ikinguruma, wateja huja.

Siku moja injini ilianza kugonga. Akaizima. Wateja wakaenda kwingine, na kutwa nzima hakusikia sauti ya mtu. Mashine ikifa, pale hakuna tena wa kubisha hodi.

Fundi mzee, rafiki wa marehemu, akaja kuifungua. Alizivika boliti vipande vya mpira ili zisikwaruze mhimili unaozunguka. Kisha akasukuma nje pistoni mbili pamoja na konrodi zake, ile mikono ya chuma inayoziunganisha na mhimili.

"Shemeji, naenda kutafuta beringi. Usiguse kitu."

Lakini upweke hautulizi mikono. Mjane aliviosha vyote kwa mafuta ya taa. Akavipanga kama vyombo vya jikoni: konrodi huku, vifuniko vinavyozibana kwenye mhimili kule.

Fundi aliporudi alishika kichwa. "Shemeji! Umeachanisha wanandoa!"

"Nimesafisha tu. Si vinafanana?"

"Kwa macho. Kila kifuniko kimechongwa pamoja na konrodi yake. Ukivibadilisha, tundu halikai duara, beringi inaungua."

Machozi yakamlenga. "Basi nimeiua?"

"Bado. Lete mswaki mkuukuu."

Wakasugua ubavu wa konrodi. Namba moja ikatokea. Wakasugua vifuniko, wakampata mwenzake.

"Namba zikae upande mmoja," fundi alisema. "Zisingekuwapo, ningepiga alama kabla ya kufungua. Sasa tukague."

Alizipaka konrodi mafuta ya taa, akangoja, akazikausha kwa kitambaa. Kisha akazinyunyizia unga wa chaki.

"Tazama wewe. Macho yangu yamestaafu."

Konrodi ya kwanza ilibaki nyeupe. Kwenye ya pili, karibu na tundu la boliti, mstari mwembamba ukajichora.

"Hapa pana unywele, shemeji," mjane alisema.

"Ufute."

Akafuta, akanyunyiza tena. Mstari ukarudi palepale.

"Huo ni ufa," fundi alisema polepole. "Mafuta yaliyojificha ndani ndiyo yanatoka. Tungeirudisha hivyo, ingekatika na kutoboa ubavu wa injini. Hapo ndipo tungeiua."

Walinunua konrodi nyingine na kifuniko chake. Fundi akatia beringi mpya, akakaza boliti kwa spana ya kupima nguvu. Injini ikawaka bila kugonga.

Fundi akakusanya vifaa. "Ikigonga tena, niite."

"Na isipogonga je?" mjane aliuliza, macho chini.

Fundi alimtazama kidogo. "Kesho nitamtuma mke wangu alete mahindi. Lakini nakuonya, yule akianza maneno haondoki."

"Mwache akae," mjane alisema. "Mahindi yake nitayasaga mwisho."