Mwamba wa Nyuma ya Nyumba

Corinne Lavallee aliegesha basi la shule, akafagia makombo ya biskuti chini ya viti, akafunga mlango. Kazi ya asubuhi ilikuwa imekwisha. Kila siku baada ya hapo alikwenda kumwona mama yake katika nyumba ya kulea wazee, ng'ambo ya mto.

Mama yake, Bi Lucille, alianguka ngazini wakati wa baridi, akavunjika nyonga. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Sasa aliweza kutembea kwa kushikilia kigari cha chuma. Lakini ngazi hakuziweza tena, na nyumbani kwa Corinne vyumba vyote vya kulala na choo vilikuwa ghorofani.

"Watu wa hapa ni wema," Bi Lucille alisema siku hiyo. "Chakula hakina chumvi, na hata chooni lazima nisindikizwe kama bibi harusi, lakini ni wema. Sasa niambie, narudi lini nyumbani?"

"Kabla ya theluji, Mama."

"Theluji ya mwaka gani?"

"Ya mwaka huu. Mimi nimeshasema."

Corinne akisema, amesema. Yeye na mumewe Gil, aliyekuwa fundi bomba, walikwisha kupanga. Wangejenga chumba cha chini chenye choo na bafu, ubavuni mwa nyumba, upande wa mashariki. Mabomba angeyafunga Gil mwenyewe. Walichora mchoro mezani jikoni, wakaupeleka ofisi ya mji.

Karani aliutazama akatikisa kichwa.

"Kanuni ya mji wetu inataka jengo likae futi kumi na tano kutoka mpaka wa jirani," alisema. "Ninyi mtabakiza saba. Siwezi kuwapa kibali."

"Kwa hiyo ndiyo basi?" Gil aliuliza.

"Hapana. Mnaweza kuiomba bodi ya ujenzi iwape msamaha wa kanuni. Bodi itawapelekea barua majirani wote mnaopakana nao. Kisha itaita kikao cha hadhara. Mtasema yenu, majirani watasema yao, halafu wajumbe watapiga kura. Wajumbe ni watano. Mnahitaji kura nne."

Walipotoka nje, Gil alikuwa na wasiwasi. Binamu yake mjenzi alikuwa amemwambia kwamba watu wenye akili hujenga kwanza, kisha huomba radhi baadaye.

"Hatujengi kwa wizi," Corinne alisema. "Na hatuna haja. Nani katika mji huu hanijui? Nusu ya watu wazima wa hapa nimewapeleka shule mimi. Niachie hiyo bodi."

Basi akaanza kupiga simu. Alipiga kwa wazazi wa watoto wa basi. Gil akawapigia wenzake wa kikosi cha kujitolea cha zimamoto. Hata padre aliahidi kuja. Mtu mmoja tu hakupigiwa simu wala kubishiwa hodi, naye ni Bi Wanda Koziol, jirani wa upande wa mashariki, mwanamke mjane aliyeishi peke yake na bustani yake ya kabichi. Katika mji ule watu hupungiana mikono juu ya ua miaka na miaka, na kila mmoja huona ni adabu kutomsumbua mwenzake. Corinne alijiambia kwamba barua ya bodi itamtosha.

*

Jioni ya kikao ukumbi wa mji ulijaa. Waliokosa viti walisimama ukutani. Mmoja baada ya mwingine walikwenda kwenye kipaza sauti.

"Corinne hajawahi kumwacha mtoto kituoni," alisema mama mmoja.

"Gil alikuja kunizibia bomba siku ya Krismasi, na hakutaka hata kahawa," alisema mzee wa zimamoto.

Padre akasema familia hii ni nguzo ya parokia. Watu wakapiga makofi. Corinne alikaa kiti cha mbele, kifua kimetuna, akiona mambo yamekwisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa za jioni ile zilikuwa nyingi mno.

Mwenyekiti, Bwana Prentiss, alivua miwani.

"Bi Lavallee, hakuna aliyeuliza kama ninyi ni watu wema. Wanangu mimi mwenyewe walipanda basi lako. Swali langu ni jingine. Kiwanja chenu kina nafasi kubwa nyuma ya nyumba. Kwa nini chumba kisijengwe huko?"

Corinne hakulitegemea swali hilo.

"Mama anapenda jua la asubuhi," alisema.

Mjumbe mmoja akaandika kitu. Mwingine akainua macho akatazama dari. Ndipo Bi Wanda akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na barua ya bodi ilikuwa mkononi.

"Mimi ni jirani yao," alisema. "Mvua ikinyesha, maji ya paa lao yanakuja kwangu. Stoo yangu ya chini ina unyevu tayari. Sasa wanataka kuleta paa jingine karibu zaidi. Nimezijua habari hizi kwa barua hii. Nakataa."

Bwana Prentiss akawageukia wenzake, tayari kuitisha kura. Lakini nyuma kabisa mtu alikohoa, akaja mbele kwa haraka. Alikuwa Beverly Tilton, aliyeishi ng'ambo ya barabara kutoka kwa akina Lavallee. Aliwahi kuwa mjumbe wa bodi hiyo miaka mingi, kisha akaachana nayo akafuga nyuki.

"Mwenyekiti, nauliza tu," alisema. "Mwombaji anajua kwamba bodi ikimkatalia leo, hawezi kurudi na ombi hilo hilo kwa miaka miwili? Na kwamba kabla ya kura anaweza kuomba kikao kiahirishwe?"

Miaka miwili. Corinne alimwona mama yake dirishani, ng'ambo ya mto, akihesabu theluji. Alikuwa na kiburi chake, lakini hakuwa mjinga.

"Naomba kiahirishwe," alisema.

Bodi ikakubali. Wangerudi mwezi ujao.

*

Kesho yake Beverly alialikwa chakula. Corinne alimkatia kipande kikubwa cha pai ya nyama, akamketisha jikoni.

"Haya, Bi Beverly, nipashe. Nimekosea wapi? Watu wote wale walinitetea."

"Walikutetea wewe. Nani alikitetea kiwanja chako?" Beverly alitafuna kwanza. "Sikiliza, mwenzangu. Chumba kikijengwa kitakaa miaka mia. Wewe utakufa, mimi nitakufa, nyumba itauzwa. Mtu atakayekuja hatakuwa mwema kama wewe, na jengo litakuwa pale pale. Ndiyo maana sheria haikuangalii wewe wala nyonga ya mama yako. Inaangalia ardhi."

"Yaani mama yangu si kitu?"

"Mbele ya Mungu ni kitu, na mbele yangu pia. Mbele ya bodi, lazima uonyeshe kwamba kiwanja chako chenyewe kina tatizo ambalo viwanja vya wenzako havina. Umbo lake, mteremko wake, udongo wake. Tatizo ambalo hukulileta wewe. Kisha uonyeshe kwamba ukisamehewa humuumizi jirani wala hupindui maana ya kanuni. Sasa niambie ukweli. Kwa nini hamjengi nyuma?"

Gil alicheka bila furaha. "Kule? Kule huwezi kusimamisha hata nguzo ya kamba ya nguo. Nilivunja sururu mbili. Chini ya yale majani ni mwamba mtupu."

Beverly aliweka uma chini.

"Mna mwamba?"

"Mkubwa kama kanisa."

"Na mbele?"

"Mbele ni barabara. Magharibi kuna tangi la maji machafu."

"Mungu wangu, nyie watu," alisema Beverly. "Mna mwamba nyuma ya nyumba, na mkaenda kuiambia bodi habari za jua la asubuhi."

Corinne aliona aibu, kisha akacheka, kisha akachukua kalamu. Beverly akamweleza la kufanya. Wachimbe mashimo ya majaribio nyuma na kupiga picha. Wamwite mpimaji wa ardhi achore mwamba kwenye ramani, aonyeshe unapoanzia na unapoishia. Wapunguze chumba, kwa sababu bodi hutoa msamaha unaotosha haja tu, si zaidi.

"Chumba kipungue kiasi gani?" Gil aliuliza.

"Mnahitaji kabati la ukutani lile refu?"

"La nguo zake za kanisani," alisema Corinne.

"Azitundike mlangoni. Na yule binamu yako mjenzi, Gil, namjua; mwambie asiguse hata kijiko cha udongo. Anayejenga kabla ya ruhusa hujitengenezea tatizo mwenyewe, na bodi haimwonei huruma mtu wa namna hiyo. Nimeona kuta zikibomolewa."

Beverly akasimama, akaelekeza kidole upande wa mashariki.

"Na pale nenda mwenyewe. Leo."

*

Corinne alibisha hodi kwa Bi Wanda. Mlango ulifunguka nusu.

"Umeleta barua nyingine?" Bi Wanda aliuliza.

"Nimejileta mwenyewe. Nimechelewa, najua."

"Miaka yote hii nakupa kabichi juu ya ua. Halafu habari za nyumba yako naziletewa na mtu wa posta, kama vile sisi ni maadui mahakamani."

"Una haki ya kukasirika, Bi Wanda. Nilidhani nakusumbua nikija. Niseme kweli, nilidhani pia sikuhitaji. Nisamehe."

Bi Wanda akafungua mlango wote.

"Ingia uone hayo maji."

Walishuka kwenye stoo. Ukuta wa upande wa Corinne ulikuwa na alama ya maji hadi magotini. Mapipa ya kabichi chachu yalikuwa yamepandishwa juu ya matofali. Corinne alishika ukuta, akaona mkono umelowa. Kwa miaka yote aliyopunga mkono juu ya ua, hakujua.

"Hii ni aibu yetu," alisema. "Paa ni letu, maji ni yetu. Gil ni fundi bomba, na mvua yetu inakuja kwako. Atayakinga yote, ya paa la zamani na ya paa jipya, na kuyapeleka mbele, mbali na ukuta wako. Tutaliandika ombini, bodi ilifanye sharti. Tusipotimiza, utatushtaki."

"Nitawashtaki kweli."

"Najua."

"Na dirisha? Sitaki mtu anichungulie nikipalilia na gauni la kulalia."

"Litakuwa juu, karibu na dari. Mama ataona mawingu tu."

Bi Wanda alifikiri. "Lucille yu mzima?"

"Yu mzima. Analalamika chumvi."

"Basi yu mzima kabisa," alisema Bi Wanda, akaanza kumtolea kabichi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa wa hapa ulizibwa kwa hodi moja.

*

Katika kikao cha pili hapakuwa na umati. Walikuja Corinne, Gil, Beverly na Bi Wanda tu. Corinne alisimama na ramani ya mpimaji na picha. Hakutaja basi. Hakutaja kanisa.

"Huu hapa ni mwamba," alisema. "Unaanzia hatua chache nyuma ya jiko letu, unaishia kwenye ua. Kwa majirani haufiki. Tumechimba mahali sita, na sururu imegonga jiwe kila mahali. Kuupasua kwa baruti kutatikisa misingi ya nyumba za wenzetu. Mbele ni barabara, magharibi ni tangi. Imebaki mashariki tu. Tumepunguza chumba. Sasa tutabakiza futi tisa, si saba. Maji ya paa tutayakinga yote. Tunaomba hilo liwe sharti."

Mjumbe mmoja, Bwana Sewall, mtu mgumu anayependa kukataa, aliegemea mbele.

"Tukikukubalia wewe, kesho mtaa mzima utakuja hapa kuomba. Tutawajibu nini?"

"Waambieni walete mwamba wao," alisema Corinne.

Hata Bwana Prentiss alitabasamu. Akamwuliza Bi Wanda kama bado anapinga.

"Sipingi," alisema Bi Wanda. "Lakini hayo ya maji yaandikwe kwa herufi kubwa."

Kura zikapigwa. Bwana Sewall alikataa, kama kawaida yake. Wanne wakakubali.

Gil alitaka kuanza kuchimba kesho yake, lakini Beverly akamzuia. Uamuzi huwekwa kwanza kwa karani wa mji, na kwa siku ishirini mtu yeyote aliyeumizwa nao anaweza kwenda mahakamani. Baada ya hapo huandikishwa katika ofisi ya hati za ardhi, ndipo kibali hutoka. Walisubiri. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Binamu wa Gil alipoleta jembe lake, alileta na kibali, akakipigilia mlangoni ili kila mpita njia akione.

Mfereji wa kupeleka maji mbele uliwekwa kabla paa jipya halijaezekwa. Mvua kubwa za vuli ziliponyesha, Bi Wanda aliwaita waje kuona ukuta wa stoo yake. Alipitisha kiganja juu yake, akawaonyesha. Kilikuwa kikavu.

Bi Lucille alirudi nyumbani siku ya Jumamosi, majani yakianguka, theluji bado. Aliingia na kigari chake polepole. Alitazama kitanda, akatazama dirisha la juu, akauliza nani alimnyima kabati. Kisha akauona mlango wa choo. Corinne na Gil walikuwa nyuma yake, mikono imenyooshwa tayari kumshika.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Kukusaidia, Mama."

"Nendeni jikoni mkatie chumvi kile chakula," alisema Bi Lucille.

Akaingia peke yake, akafunga mlango.